Kindi Bustanini: Kumtambua na Kumfungia Njia katika Bustani za Malindi

Kuanzia Novemba, maembe yakianza kujaa mabega kwenye miembe ya Malindi, Mambrui na Gede, kindi huwa ameshakagua kila tawi. Hafukuziki kwa kelele wala kwa sanamu. Fedha nyingi hupotea kumtisha mnyama ambaye baada ya siku chache anajua kabisa kwamba kopo linalogongana na upepo halimgusi. Kinachomshinda ni kukosa njia ya kufikia chakula, au kukuta chakula kimeshaondolewa. Lakini kabla ya kununua hata msumari mmoja, kuna kazi ya kuhakikisha kwamba mwizi ni yeye.

Mchana ni kindi, usiku ni wengine

Kindi hula mchana tu. Hutoka jua likichomoza, hushughulika hadi saa nne hivi, hujificha joto la adhuhuri, kisha hurudi alasiri mpaka karibu na magharibi. Usiku hulala kwenye tundu la mti, kwenye kiota cha majani au ndani ya makuti ya paa. Hilo peke yake latosha kumpima. Chagua matunda kumi yaliyo karibu kuiva, yafunge uzi wa rangi kwenye vikonyo, na uyakague mara mbili kwa siku: magharibi kabla giza halijaingia, na alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Tunda lililokuwa zima magharibi likakutwa limeliwa alfajiri halikuliwa na kindi. Huyo ni panya, popo au komba, na kila mmoja ana dawa yake.

Alama nazo zasaidia. Meno ya kindi na ya panya huacha mifereji myembamba, miwili miwili, kama iliyochongwa kwa patasi ndogo. Kwa alama hiyo pekee hutawatenganisha, ndiyo maana saa ya kukagua ni muhimu. Popo hutafuna, hunyonya maji na kutema vidonge vya nyuzi zilizokamuliwa, utavikuta chini ya mti na juu ya majani. Ndege hudona mashimo yenye kona, akachota nyama na kuacha ngozi. Tumbili na kima ni wafujaji: wanang'ata tunda mara moja, wanalitupa, wanachuma jingine, na matawi membamba yaliyovunjika yanawaumbua.

Jambo la kuangalia zaidi ni mbegu. Kindi anapenda mbegu kuliko nyama ya tunda. Papai atalitoboa upande mmoja hadi afike katikati, aondoke na mbegu na kuacha nyama nyingi. Bibo atalidondosha akachukua korosho. Komamanga atalifungua tundu dogo, avute punje moja moja, na ganda libaki likining'inia tupu mtini kana kwamba halijaguswa. Ukiona hivyo mchana, usiendelee kutafuta.

Kwa vitanda vya mbegu, sawazisha udongo baada ya kupanda kisha nyunyiza jivu jembamba kuzunguka kitanda, ukanda wa sentimita 30. Kindi huruka, kwa hiyo nyayo zake huja kwa makundi ya nne, pengo, kisha nne tena. Panya hutembea na mara nyingi mkia wake huacha mstari katikati. Ukikuta nyayo za ndege zikifuata mstari wa mahindi, basi kware au kanga ndio wafukuaji, na wavu utakaotengeneza kwa ajili ya kindi utawazuia na wao pia.

Wapo wawili wanaoadhibiwa bure. Wa kwanza ni sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, anayeonekana zaidi kwa wanaoishi karibu na magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba mirefu, mkia usio na manyoya mengi, na hapandi mti. Chakula chake ni wadudu anaowafukua kwenye majani makavu. Hali tunda wala mahindi. Ni mnyama adimu anayepatikana karibu sehemu hii ya dunia tu. Mwache. Wa pili ni nguchiro, ambaye anaweza kula yai la kuku wako lakini si papai lako.

Aina ya kindi nayo ina maana katika kuchagua njia. Wa bustani za mjini na pwani ni wapanda miti, wadogo, wa rangi ya kahawia, na wengine wana tumbo jekundu. Ukielekea nyika kavu ya bara unakutana na kindi wa ardhini, mkubwa zaidi, anayeishi kwenye mashimo. Huyo bati la shina halimhusu. Yeye ni wa kuzuiwa kwa wavu uliolazwa chini, kama utakavyoelezwa kwenye kitanda cha mbegu.

Vuna kabla yake

Hakuna njia rahisi kuliko hii, na hakuna inayopuuzwa zaidi. Maembe mengi yanayoliwa mtini hayakuwa na sababu ya kuwa mtini. Embe la ngowe, boribo au apple lililokomaa huiva vizuri likivundikwa. Likikomaa, mabega yake huinuka kupita kikonyo, mashavu hujaa, na ukilikata moja la majaribio utakuta nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya manjano ingawa ngozi bado ni kijani. Hapo chuma yote ya rika hilo.

Tumia upembo wenye mfuko mdomoni ili tunda lisianguke, maana lililogonga chini huoza kabla ya kuiva. Acha kikonyo cha sentimita 5, kisha ukiwa chini kikate kibaki sentimita 1 na ulaze embe kichwa chini juu ya fito au majani makavu kwa saa moja au mbili, utomvu utoke wote. Utomvu ukitiririka kwenye ngozi huiunguza na kuacha madoa meusi. Vundika ndani ya kapu lililofunikwa gunia, mahali penye kivuli na hewa, na uyakague kila siku kuanzia siku ya tatu.

Papai lichume mstari wa kwanza wa manjano ukitokea. Litaiva ndani kwa siku tatu hadi tano. Stafeli chuma miiba ikianza kuachana na ngozi ikififia ukijani wake. Ndizi kata mkungu vidole vikishapoteza kona. Komamanga halimo katika mpango huu kwa sababu haliongezeki utamu likishachumwa, kwa hiyo hilo ni la kufunikwa mtini.

Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila asubuhi na kila jioni msimu mzima. Wape mbuzi, au uyafukie sentimita 50 kwenda chini. Ukifukia juu juu yatafukuliwa. Kazi hiyo hiyo hupunguza nzi wa matunda, ambao huharibu maembe mengi kuliko kindi, ila hawaonekani wakikimbia juu ya ukuta kwa hiyo hawalaumiwi sana. Chakula cha kuku nacho kiondolewe kuku wakishashiba, na mahindi na korosho viwekwe kwenye pipa lenye kifuniko cha chuma. Ndoo ya plastiki ataitafuna mdomoni hadi apate nafasi: meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, ni lazima atafune kitu ili yasizidi.

Bati la shina

Kwa mnazi, mpapai mrefu, na mwembe unaosimama peke yake, bati linalozungushwa shinani hufanya kazi kuliko kitu kingine chochote, na linazuia panya pia. Ukiona vidaka, yaani nazi changa, vikianguka vikiwa na tundu karibu na kikonyo, bati hilo litajilipia gharama kwa nazi. Lakini linashindwa mara nyingi, na karibu kila mara sababu ni vipimo.

Tumia bati bapa lisilo na mikunjo, geji 28 au 30. Nyumba iliyo karibu na bahari itafute bati la alumini, kwa kuwa hewa ya chumvi hula bati la kawaida upesi, na likishashika kutu linakuwa na mikwaruzo inayompa kindi mahali pa kushika kucha. Usipake rangi ya mchanga wala isiyong'aa. Ulaini ndio kazi yenyewe.

Upana uwe sentimita 60. Bati la sentimita 30 huweza kumtosha panya, ila kindi huruka na kulivuka. Ukingo wa chini uwe mita 1.5 kutoka ardhini. Urefu wa bati ni mzingo wa shina ukijumlisha sentimita 10 za kupandiana. Mnazi wenye mzingo wa sentimita 95 unahitaji kipande cha sentimita 105, kwa hiyo bati bapa la futi nane kwa nne hutoa vipande vinne vya minazi ya namna hiyo: lipasue katikati kwa urefu upate mikanda miwili ya sentimita 60, kila mmoja ukate vipande viwili. Kunja kingo za juu na chini sentimita 1 kwa koleo ili zisimkate mtu.

Kwa mnazi, funga kwa waya wa alumini mara tatu, juu, katikati na chini, usokote ncha kwa koleo na uzilaze. Usipige misumari. Mnazi hauzibi jeraha kama mwembe unavyoziba, na tundu la msumari linabaki kuwa mlango wa maji na wadudu maisha yote ya mti. Kwa kuwa shina la mnazi haliendelei kunenepa, waya hautalibana. Shina likiwa na ngazi zilizochongwa za kupandia, kati ya bati na shina patabaki mwanya ambao kindi atapita nyuma yake kama mtu anayepita uchochoroni. Ujaze kwa makumbi yaliyoshindiliwa kabla ya kufunga.

Mwembe hunenepa. Kwa huo acha bati lipandiane sentimita 15 badala ya 10, toboa matundu manne kwenye kingo, na uunganishe kwa springi mbili au kwa waya utakaoulegeza kila miezi sita. Ukiusahau, bati litazama kwenye gome na kuunyonga mti.

Halafu kuna mkwezi. Bati linateleza, na mtu akilipanda bila kujua anaweza kuanguka. Mnazi unaogemwa usiwekewe bati kabisa, kwa kuwa mgema anaupanda asubuhi na jioni. Minazi ya madafu na nazi, mwambie mkwezi mapema, alegeze bati kabla ya kupanda na alirudishe akishuka. Wengi wataomba nyongeza kidogo kwa usumbufu huo, na ni haki yao.

Sasa sehemu ambayo ndiyo huwashinda watu. Bati halina maana ikiwa kindi ana njia nyingine ya kufika juu. Kusiwe na tawi, ukuta, paa, tangi la maji, kamba ya nguo wala rundo la kuni ndani ya mita 2.5 kutoka kwenye matawi ya mti huo au kutoka kwenye shina juu ya bati. Makuti makavu yanayoning'inia chini ya bati ni ngazi, yakatwe. Mmea unaotambaa ukifika kwenye bati, kazi yote imekwisha. Matawi ya mwembe yapunguzwe baada ya kuvuna, kabla ya mvua za masika, na usiondoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja. Tawi linalogusana na waya wa umeme usilikate wewe. Waachie Kenya Power.

Kwa miembe mikubwa ya zamani, iliyojigawa matawi chini ya kimo cha mtu na kushikana na ya jirani pande zote, bati ni hasara tupu. Huko tegemea kuvuna mapema na kufunika machache.

Kizimba cha kitanda cha mbegu

Mahindi, kunde, karanga na matikiti hufukuliwa siku chache baada ya kupandwa, kwa sababu udongo uliotikiswa unamwita na harufu ya mbegu inamthibitishia. Panda sentimita 5 kwenda chini, kanyaga mstari kwa unyayo, na usidondoshe hata punje moja juu ya udongo, kwa kuwa punje ya juu ndiyo inayomfundisha kutafuta za chini. Kwa eneo dogo, hilo halitoshi: tengeneza kizimba.

Vipimo hivi vimefuata upana wa wavu unaouzwa madukani. Wavu ni ule wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, upana wa futi tatu, yaani sentimita 90, ambao maduka ya vifaa vya ujenzi huuita kofitrei. Usinunue waya wa kuku wenye matundu ya inchi moja na zaidi. Watoto wa kindi na panya hupenya. Wavu wa plastiki wa kivuli ni kiburudisho cha meno.

Kitanda kiwe na urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90. Chukua fito za mvinje zilizokauka, jumla mita 17: nguzo nne za sentimita 90, fremu ya juu ya mita 2 kwa sentimita 90, na fremu ya kifuniko ya vipimo hivyo hivyo yenye fito moja ya kukatiza katikati. Fito za mikoko ziache baharini, ukataji wake una masharti na mvinje unatosha. Chimbia nguzo sentimita 30, zibaki sentimita 60 juu, na upigilie fremu ya juu.

Wavu unahitajika mita 9. Mita 6 ni za pande zote, ikiwemo sentimita 20 za kupandiana. Mita 2 ni za kifuniko. Iliyobaki ni ya viraka vya pembe. Zungusha wavu wa pande ukingo wake wa juu ukiwa sawa na fremu, uufunge kwa waya mwembamba kila sentimita 10. Sentimita 30 zitakazobaki chini zikunje kuelekea nje, zilale juu ya ardhi. Hii ndiyo siri ya kizimba: mnyama huchimba pale wavu unapokutana na ardhi, akikuta wavu chini ya miguu yake hajui kurudi nyuma hatua moja na kuchimbia huko. Ukikunja kuelekea ndani, umemsaidia. Penye pembe nne utalazimika kuchana wavu ili ukunjike, na pengo litakalotokea lifunike kwa kiraka cha sentimita 30 kwa 30. Weka mawe juu ya ukingo uliolala au uufukie kwa udongo kidogo.

Kifuniko kifungwe kwa bawaba mbili na komeo. Kikae sawa kabisa. Mwanya wa sentimita 2 kwenye pembe iliyopinda ndio utakaotumika, na fito za mvinje mbichi hupinda zikikauka, ndiyo sababu ya kutaka kavu.

Mahindi yanaweza kubaki wazi yakishakuwa na majani manne, kwa kuwa punje huwa imeshaliwa na mche wenyewe. Karanga zifunikwe tena zikianza kukomaa. Matango na matikiti yanahitaji nyuki: kifuniko kiwe wazi asubuhi maua yakiwa yamefunguka, saa moja hadi saa nne, na kwa bahati mbaya hizo ndizo saa za kindi pia. Fanya kazi ya bustani wakati huo uwe karibu.

Kufunika tunda moja moja

Magazeti, gunia na pakacha la makuti huzuia jua, nzi na ndege, lakini kindi huyapasua kwa dakika chache. Kwa komamanga, stafeli na maembe ya kuchagua, tumia kofitrei iliyobaki. Kipande cha sentimita 60 kwa 45 kikiviringishwa hutoa silinda yenye upana wa karibu sentimita 19. Funga mshono kwa waya, bana upande wa chini na uukunje mara mbili, vika tunda likiwa na ukubwa wa yai la kuku au zaidi, kisha bana juu kuzunguka tawi, si kuzunguka kikonyo. Pabaki nafasi ya sentimita 3 kila upande. Tunda likigusa wavu litatafunwa kupitia matunduni, na utabaki na kokwa ndani ya kizimba. Fenesi linahitaji kipande kikubwa zaidi na gunia ndani yake.

Watu wa pwani hushawishika kutumia jarife kuukuu, yaani nyavu za kuvulia samaki, kufunika mti mzima, kwa kuwa zinapatikana bure. Tafadhali usifanye hivyo. Matundu ni makubwa kwa kindi, na zinanasa ndege, bundi na nyoka, kisha wewe ndiye utakayetakiwa kumnasua nyoka.

Pilipili na vitisho

Ukali wa pilipili unawauma wanyama wenye kunyonyesha lakini ndege hawausikii, kwa hiyo dawa hii ni ya kindi, panya na tumbili tu. Twanga gramu 100 za pilipili kichaa kavu, chemsha kwa lita 1 ya maji dakika 15 nje ya nyumba, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa mara mbili ili bomba lisizibe, ongeza lita 1 ya maji na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni huifanya ishike ngozi ya tunda. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku mbili. Pulizia jioni, kwani jua la mchana pamoja na sabuni huunguza majani, na simama upepo ukiwa mgongoni kwako; kusi ikivuma vizuri, subiri itulie. Vaa glavu na miwani.

Rudia kila wiki, na kila baada ya mvua. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: wakati wa vuli utakuwa unapulizia na kuoshewa. Itumie kwa matunda mabichi na kwa mashina, acha wiki moja kabla ya kuchuma, na uoshe tunda kwa maji na sabuni.

Sidii zinazong'aa, makopo, bundi wa plastiki: siku tatu nne, basi. Ukivitaka, vitundike siku matunda yanapokaribia kuchumwa tu, uvihamishe kila siku, kisha uvitoe. Naftalini haifai kitu hewani, na mtoto akiimeza ni hatari. Mbwa anayezunguka bustanini asubuhi na alasiri ana faida ya kweli.

Kipindi cha kaskazi, Januari hadi Machi, mapapai na madafu hutobolewa pia kwa ajili ya maji. Sinia la maji mbali na bustani, linalobadilishwa kila siku mbili ili mbu wasizaliane, hupunguza kidogo. Kumwekea chakula ni jambo jingine: kunaongeza kindi, hakuwapeleki kwingine.

Akihamia kwenye makuti

Paa la makuti ni nyumba nzuri kwa kindi, na hatari yake kubwa ni nyaya za umeme anazozitafuna. Tafuta tundu lake mchana, mara nyingi kwenye upenu au kwenye kilele ambapo tawi linakaribia. Jaza tundu kwa nyasi kavu bila kushindilia. Nyasi zikibaki hivyo siku tatu zisizo na mvua, hakuna mtu ndani, ziba. Zikisukumwa nje, subiri. Kama kuna sauti za watoto, usizibe mpaka waanze kutoka wenyewe, la sivyo mama atachana makuti mahali pengine kuwafikia, au watakufa na kuoza juu ya kichwa chako.

Kuziba kwa makuti mapya pekee hakutoshi. Shonea kofitrei upande wa ndani, ipite ukingo wa tundu sentimita 20 kila upande, uifunge kwenye pau kwa waya, kisha ndipo utandaze makuti juu. Kata matawi yaliyo ndani ya mita 2.5 kutoka kwenye paa. Nyaya zote za darini zipitishwe kwenye bomba gumu, na fundi umeme azikague kabla ya kuziba, si baada.

Sumu, gundi na mitego

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama hufa baada ya siku kadhaa akiwa mbali na chambo. Bundi, kipanga au paka wa jirani akimla anapata sehemu yake, na hao ndio waliokuwa wakikusaidia kupunguza panya. Gundi hunasa mijusi na ndege kabla ya kindi. Kindi ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimpi mwenye bustani ruhusa ya kumwekea sumu au kumwinda. Manati za watoto zimo humo humo. Kumtega na kwenda kumwachia Gede au Watamu hakusaidii pia: anaachwa mahali asipojua maji wala tundu, na nafasi yake bustanini huchukuliwa na mwingine. Msitu wa Arabuko-Sokoke wenye zaidi ya kilomita za mraba 400 hauishiwi kindi. Uharibifu ukizidi, ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori ndiyo ya kuiendea.

Akinaswa kwa bahati mbaya kwenye wavu, mfunike taulo nene kabla ya kukata waya, kwa kuwa anang'ata hadi mfupani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, hasa kama hukumbuki sindano yako ya mwisho ya pepopunda.

Mipira ya maji ya matone nayo hutafunwa wakati wa ukame. Ifukie sentimita 5 chini ya udongo au uifunike kwa matandazo, na ufungue maji alfajiri kabla hajatoka, ili matone yawe yameshanywewa na udongo. Sehemu iliyotobolewa ikate kabisa uweke kiungio. Mkanda wa gundi hukaa siku mbili ukaachia.